Dashibodi ya kijani, jenereta imegoma: kutafuta kosa kwenye mpango wa matengenezo kinga

Umeme umekatika, jenereta ya akiba imepigwa selfu mara tatu imegoma, na kwenye skrini ya ofisini mfumo wa kusimamia mali unaonyesha matengenezo ya mwezi huu yamefanyika kwa asilimia 97. Hali hii inawakuta wahandisi wa hospitali, hoteli, viwanda vya maji ya chupa na vyumba vya baridi vya samaki. Lawama huwa zinaangukia pande mbili: ama fundi mvivu, ama programu haifai. Yote mawili yanawezekana, lakini kwa kawaida kosa limekaa katikati yao, kwenye mpango wenyewe ulioingizwa ndani ya programu. Ama ratiba inaamshwa na kitu kisicho sahihi, ama kadi ya kazi, yaani agizo linalomwambia fundi afanye nini, imeandikwa maneno yasiyopimika, ama namba zinazorudi kutoka kwa fundi haziaminiki.

Kwa hiyo kabla ya kufungua mashine, fungua kadi ya mwisho iliyofungwa ya mashine hiyo uisome yote, pamoja na saa ilipofungwa na jina la aliyeifunga. Maelezo ya hapa hayategemei programu moja. Maximo, openMAINT, ERPNext, hata Eksel iliyotunzwa vizuri, zote zina vitu vilevile: rejista ya mali, ratiba, kadi ya kazi na stoo. Kinachotofautiana ni majina ya vitufe na bei.

Kadi zote zimefungwa, mashine zinaharibika vilevile

Toa orodha ya kadi za mwezi uzipange kwa muda wa kufungwa. Ukikuta kadi 11 zimefungwa Ijumaa kati ya 16:41 na 16:46, na moja ni ya pampu ya kisima nyuma ya uzio na nyingine ni ya kiyoyozi juu ya paa, hakuna fundi aliyezunguka huko kote kwa dakika tano. Usikimbilie barua ya onyo, lakini. Mara nyingi kazi ilifanyika Jumanne na Jumatano, ila kompyuta ni moja na fundi anaipata Ijumaa jioni karani akishaondoka. Muulize alipoandika vipimo. Akikuonyesha daftari lenye alama za mafuta, tatizo lako ni kompyuta, na dawa ni simu yenye programu au karatasi inayoingizwa siku hiyohiyo. Akikosa daftari, hapo ndipo mazungumzo mengine yanaanza.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo haionekani kwenye takwimu yoyote: maneno ya kadi. Chukua kadi inayosema "Kagua betri ya jenereta". Jenereta nyingi za akiba zina chaja inayoishikilia betri usiku na mchana. Fundi anaweka mita kwenye ncha za betri, chaja ikiwa imeunganishwa, anasoma volti 13.5, anaandika "sawa", anafunga. Kumbe amepima chaja. Mwezi ujao hivyohivyo, na kadi zinabaki kijani hadi siku umeme unapokatika.

Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia bila chaja, inasoma karibu 12.6. Hata hapo usiridhike, maana betri iliyochoka inaweza kushika 12.5 ikiwa imekaa kimya, halafu ikaporomoka mara tu inapobebeshwa selfu. Kipimo chenye maana ni volti wakati selfu inapiga. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, tafuta betri nyingine mapema. Kadi basi isomeke namna hii:

"Zima chaja, acha betri itulie. Andika volti: ____. Piga selfu, andika volti ya chini kabisa uliyoiona: ____. Ikiwa chini ya 9.6, usifunge kadi hii kabla hujafungua kadi ya hitilafu. Washa chaja tena."

Jenereta yenye mfumo wa volti 24 izidishiwe mbili. Kisha ndani ya programu fanya nafasi hizo kuwa za lazima na za namba tupu, zisikubali "OK" wala "sawa". Programu nyingi zinaweza pia kuwekewa mipaka, ili namba ikipita mpaka kadi ya hitilafu ifunguke yenyewe. Mstari ule wa mwisho, wa kuwasha chaja, usiufute ukidhani fundi anajua. Chaja iliyosahaulika imezimwa ni sababu nzuri kabisa ya jenereta kugoma wiki tatu baadaye.

Kuna pia kadi ya "Washa jenereta dakika tano". Jenereta inawaka, inanguruma, inazimwa, kadi inafungwa. Dizeli inayoendeshwa mara kwa mara bila mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta yasiyoungua na masizi vinajikusanya kwenye nozeli na bomba la moshi, na siku ya mzigo kamili inakohoa. Kiwango cha Marekani cha NFPA 110 kinataka jenereta ya dharura ijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30, kwa mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Kwa jenereta ya kVA 100, ambayo kwa kawaida ni sawa na kW 80, hiyo ni kW 24. Huna haja ya kukifuata kiwango hicho kisheria ili kukiazima: andika kwenye kadi "mzigo uliosomeka, kW: ____" uone kitakachorudi. Jaribio lifanyike kwa kukata umeme wa gridi kwenye swichi kuu, ili na swichi ya kuhamisha mzigo kutoka gridi kwenda jenereta ijaribiwe pia. Jenereta inaweza kuwa nzima kabisa huku swichi hiyo imekwama.

Kadi hazitoki kabisa

Mashine haijapata sevisi, na hakuna kadi iliyochelewa kwa sababu hakuna kadi iliyowahi kutolewa. Hali hii ni mbaya kuliko kadi kuchelewa, kwa kuwa asilimia ya utekelezaji inahesabu zilizotolewa tu.

Angalia kwanza mambo mepesi. Je, mali hiyo kwenye rejista iko katika hali ya "inatumika"? Pampu iliyopelekwa gereji mwezi wa tatu ikawekwa "nje ya huduma", ikarudi mwezi wa nne na hakuna aliyeibadilisha hali yake, itakaa kimya milele. Je, kazi za nyuma ya pazia za seva, zile zinazojiendesha zenyewe, zinaendeshwa? Mfumo ukihamishiwa seva mpya, au nakala ya akiba ikirudishwa, kile kinachotengeneza kadi usiku kinaweza kubaki kimezimwa huku kurasa zote zinafunguka vizuri. ERPNext, kwa mfano, ina swichi ya kukiwasha na kukizima, na mtu wa TEHAMA anaweza kuikagua haraka. Dalili yake ni rahisi kuitambua: hakuna mashine hata moja iliyopata kadi tangu tarehe fulani.

Kama ni mashine moja tu au kundi dogo, tazama kinachoiamsha ratiba. Hapa jenereta ya akiba inarudi tena, maana ndiyo inayoathirika zaidi. Mtu amenakili kutoka kitabu cha mtengenezaji, "badili oili kila saa 250", akaweka hivyo. Jenereta inayofanya kazi saa 4 kwa mwezi itafikisha saa 250 baada ya miaka mitano na ushee. Oili haingoji mita ya saa: inavuta unyevu, inapata asidi, inazeeka ndani ya injini iliyolala. Vitabu vingi vinaongeza maneno yanayorukwa, "au kila miezi 12, kitakachotangulia". Ratiba ya mashine ya akiba iwe na vyote viwili. Upande wa pili, kompresa inayokimbia zamu tatu ikiwekewa ratiba ya miezi mitatu peke yake itakuwa imepitisha zaidi ya saa 2,000 kabla kadi haijatoka.

Halafu kuna kosa la tarakimu moja. Mita ya saa inasoma 1,284. Karani anaandika 12,840. Mfumo unaona sevisi imepitwa vibaya sana, unatoa kadi, fundi anashangaa, anafanya sevisi, anafunga. Mfumo sasa unapanga sevisi ijayo kwenye saa 13,090. Mita halisi iko 1,284, kwa hiyo kuna safari ya saa 11,806. Kwa mashine inayofanya kazi saa 10 kwa siku, kadi inayofuata itatoka baada ya miaka mitatu na zaidi. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Kinga yake ni hesabu ndogo: siku ina saa 24, kwa hiyo usomaji hauwezi kupanda zaidi ya saa 24 kwa kila siku iliyopita tangu usomaji wa mwisho, wala kushuka. Kama programu yako haina ukaguzi huo, toa usomaji wote kwenye Eksel kila mwezi uondoe wa jana kwenye wa leo. Namba za kichaa zitajitokeza zenyewe. Mita ikibadilishwa, andika tofauti ya mita ya zamani na mpya siku hiyohiyo, au historia yote inaharibika.

Kadi zinamwagika zote siku moja

Tarehe mosi asubuhi kadi 60, mafundi wanne. Hii karibu kila mara ni alama ya siku mali zilipoingizwa kwenye mfumo: ratiba zote zilipewa tarehe moja ya kuanzia, na tangu hapo zinatembea pamoja. Zitawanye kwa mkono, wiki hadi wiki, ukianza na zile zinazochukua muda mrefu. Ni kazi ya kuchosha ya siku moja na haina njia ya mkato.

Sababu nyingine ni sevisi zinazopandana. Mashine ina ratiba ya saa 250, ya 500 na ya 1,000, na ikifika 1,000 inatoa kadi tatu zinazodai oili ileile imwagwe mara tatu. Fundi anafanya moja, anafunga zote, na amefanya sawasawa. Ila amejifunza kwamba kadi nyingine ni za kufunga tu. Panga ratiba ili kubwa imeze ndogo. Programu nyingi zinaruhusu hilo, ingawa lazima uliwashe.

Angalia pia kama ratiba inahesabu kutoka tarehe iliyopangwa au kutoka tarehe kazi ilipokamilika. Ikihesabu kutoka kukamilika, sevisi ya kila miezi mitatu inayochelewa wiki mbili kila safari inateleza, na ndani ya miaka miwili sevisi 8 zinageuka 6 au 7. Ikihesabu kutoka tarehe iliyopangwa, sevisi iliyochelewa miezi miwili na nusu inafuatwa na nyingine baada ya wiki mbili. Kwangu mimi, ukaguzi wa kisheria na majaribio ya jenereta yafuate tarehe iliyopangwa. Oili, grisi na filta zifuate kukamilika.

Na kama baada ya yote kadi bado ni nyingi kuliko mikono, punguza kadi. Pitia kila moja uulize mashine ikiharibika nani anaumia: mgonjwa, uzalishaji, au ni feni ya ofisi ya mhasibu. Feni hiyo iachwe iharibike, ndipo ibadilishwe. Kuna mameneja wanaona vibaya kufuta ratiba. Wakumbushe kwamba fundi anayefuta vumbi feni 14 ndiye yuleyule asiyepata muda wa kupima betri.

Mashine inaharibika siku chache baada ya sevisi

Wazee wa karakana wanalijua hili bila programu: mashine ilikuwa nzima, mmeigusa imekufa. Mfumo wako unaweza kulithibitisha. Toa kadi za hitilafu, kwa kila moja tafuta kadi ya kinga iliyotangulia kwa mashine hiyo, hesabu siku kati yake. Zikirundikana ndani ya siku saba za kwanza, sevisi ndiyo inayoharibu.

Jambo hili lina historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi C. H. Waddington akifanya kazi na kikosi cha pwani cha jeshi la anga la Uingereza aliona kwamba matengenezo ya dharura ya ndege yanapanda mara baada ya ukaguzi wa kila saa 50, kisha yanashuka taratibu. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba ni asilimia 11 tu ya vifaa vya ndege walivyochunguza vilivyoonyesha dalili za kuchakaa kwa umri. Asilimia 68 hatari yao ilikuwa kubwa zaidi vikiwa vipya au vimetoka kufunguliwa, kisha ikatulia. Pampu yako si ndege, na mkanda wa feni, filta na pedi za breki vinazeeka kwa umri kweli. Lakini kadi inayosema "fungua pampu ukague kila miezi sita" inapaswa kujieleza vizuri kabla ya kuruhusiwa kubaki.

Grisi ni mfano ulio karibu. Kadi inasema "paka grisi beringi za mota". Fundi anayejali kazi yake anasukuma hadi grisi itokee upande wa pili, na mota inaanza kuchemka, kwa sababu grisi ikizidi inasokotwa ndani ya beringi na kuzalisha joto, na nyingine inaingia kwenye koili. Kipimo kinachotumika sana ni kipenyo cha nje cha beringi mara upana wake, kwa milimita, mara 0.005, jibu ni gramu. Beringi namba 6309 ina kipenyo cha nje 100 na upana 25, kwa hiyo gramu 12.5. Fundi hana mizani mfukoni, ndiyo. Basi chukua bomba la grisi la karakana, sukuma mara kumi juu ya karatasi, pima kwenye mizani ya jikoni, gawa kwa kumi. Sasa kadi inaweza kusema "sukuma mara 9" na kutaja bomba lipi. Mota zenye beringi zilizofungwa pande zote ziondolewe kwenye orodha kabisa.

Pale unapoweza, badilisha kufungua kuwa kusikiliza na kupima: joto la beringi, mtikisiko, ampia za mota, presha kabla na baada ya filta. Kipindi cha ukaguzi kipangwe kwa muda unaopita kati ya dalili ya kwanza na kuharibika. Kama beringi za pampu ile huanza kulia wiki sita kabla ya kukwama, ukaguzi wa kila miezi mitatu utazikosa nyingi. Weka wiki tatu. Muda huo huupati kwenye programu. Muulize opareta anayekaa nayo: "Kaka, ililia kwa muda gani kabla haijasimama?" Andika jibu lake kwenye rejista ya mashine.

Kadi ipo, fundi yupo, spea hakuna

Mfumo unasema filta nne, rafu ni tupu. Filta zilitoka usiku wa dharura na hakuna aliyeziandika. Funga spea kwenye kadi yenyewe, ili kadi ikifungwa stoo ipungue, na kadi ya dharura nayo isifungike bila kutaja kilichotumika.

Kiwango cha kuagiza upya kisiwe namba ya kubuni. Spea inayochukua wiki sita kufika kutoka nje na inayotumika mbili kwa mwezi, iagizwe zikibaki tatu pamoja na ya akiba. Andika namba ya mtengenezaji, maana "filta ya oili, jenereta kubwa" inaleta chochote kilichopo dukani, na feki zipo za kutosha. Kadi irekodi na duka ilikonunuliwa. Baada ya mwaka utaona filta za duka lipi zinapasuka.

Ripoti inapingana na macho yako

Grafu inasema muda wa kusimama kwa mashine umeongezeka mara tano, na wewe uliyekuwepo unajua si kweli. Tazama saa. Kompresa ilisimama saa mbili na nusu asubuhi, mfumo ukajigongea 08:31 wenyewe. Fundi alimaliza saa sita na robo mchana, akaandika 6:15. Mfumo unaona 06:15 iko kabla ya 08:31, unadhani ni kesho yake, na saa 3 na dakika 44 zinageuka saa 21 na dakika 44. Kuwafundisha watu wazima kuandika 12:15 hakudumu. Weka kitufe cha "nimemaliza" kinachogonga saa chenyewe.

Grafu ikionyesha kinyume chake, kwamba hitilafu zimepungua wakati simu yako haitulii, tafuta kundi la WhatsApp la mafundi. Hitilafu zinaishia mle: picha, "nimeshaweka sawa bosi", kidole gumba. Kila picha ingekuwa kadi. Tafuta pia mali yenye kadi nyingi kupita kiasi iitwayo "Jengo la kati" au "Mitambo mbalimbali". Hapo ndipo watu wanapotupa hitilafu wasipoiona mashine yao kwenye orodha, au wanapoiona mara mbili kwa majina tofauti. Jenereta igawanywe ndani ya rejista: injini, altaneta, betri na chaja, paneli, tangi la mafuta, swichi ya kuhamisha mzigo. Usiende chini zaidi ya hapo, fundi hatachagua boliti kwenye orodha. Bandika namba ya mali kwenye mashine, kwa rangi ya mafuta au kibati, mahali inapoonekana bila kupanda ngazi.

Ukirekebisha haya, miezi miwili ya kwanza hitilafu kwenye ripoti zitapanda na asilimia ya utekelezaji itashuka, kwa sababu yaliyokuwa yamefichika yameanza kuandikwa. Mwambie mkurugenzi mapema, kabla hajaiona grafu.